Kurudisha miti ya asili kwenye kunuku (shamba) kavu, Bonaire: shajara ya mradi

11 Septemba 2022

Naanza kuandika leo manake waya wa fensi unaletwa kesho kutwa na nataka kila kitu kiwe kwenye maandishi kuanzia mwanzo, pesa pia, ili mtu mwenye shamba kavu kama hili Baringo au Kitui au Dodoma aweze kufuata bila kupotea nilipopotea mimi.

Niko Bonaire, kisiwa cha kilomita za mraba 288 kule Karibi, kusini kabisa, Venezuela iko kama kilomita 80 tu ng'ambo. Kiko chini ya Uholanzi, watu wanaongea Papiamentu, pesa ni dola ya Marekani. Mimi ni wa Marigat, Baringo, Kenya, nimeolewa hapa. Siku ya kwanza nilipotoka mjini Kralendijk kuelekea kaskazini nilinyamaza kwa gari mpaka mume wangu akauliza kama naumwa, kumbe nilikua naangalia miiba, vumbi, mbuzi barabarani na miti ya mathenge kila upande, nikaona ni kwetu kabisa isipokua bahari na kaktasi zilizosimama kama nguzo za stima.

Shamba ni la familia ya mume wangu, nje kidogo ya kijiji cha Rincon. Shamba la namna hii wanaliita kunuku. Zamani bibi yake alilima mtama hapa, wao wanauita maishi chikí, na mtama huo ulikuja na watu walioletwa kutoka Afrika kwa nguvu. Sasa imebaki ardhi wazi, mawe ya chokaa, mbuzi wa watu wanapita wanavyotaka. Mvua ni kama milimita 450 hadi 500 kwa mwaka, nyingi Oktoba hadi Januari, ikichelewa imechelewa. Marigat tunapata zaidi ya hio.

Kisiwa hiki hakikua wazi hivi. Mbao ngumu zilikatwa miaka mingi sana na watumwa wa serikali ya kikoloni, hasa brasil ambayo ilikua inatoa rangi nyekundu ya kutia nguo, halafu wayaká. Utumwa ulikwisha 1863 lakini kukata hakukuisha, makaa yalichomwa, tanuri za chokaa zilikula kuni, na mbuzi na punda wakamaliza miche iliyobaki. Ndo maana unaona miti mizee tu na hakuna watoto wake. Kuna aina ya mti wa jamii ya minazi wa hapa hapa, Sabal lougheediana, hauko pengine popote duniani, ulipewa jina la kisayansi 2019 na mikubwa iliyohesabiwa ilikua kama 25 tu. Mche wake ukichomoza unaliwa. Sitaupanda mimi, huo una wenyewe wanaoushughulikia, lakini nimeuandika ili ujue hali ikoje.

Mpango ni kuzungushia kipande cha mita 30 kwa 30, kupanda miti ya asili ya hapa, yaani wayaká, watapana, kibrahacha, kalbas, shimaruku na palu di sia, halafu nione.

Leo pia nimekata mathenge tatu zilizokua katikati ya kipande. Wao wanauita kuihi lakini ni mti ule ule, Prosopis juliflora. Sikuuliza mtu. Mti uliotuharibia malisho, ukatoboa magurudumu na kung'oa meno ya mbuzi za mama yangu, siwezi kuuacha kwenye shamba langu. Uani kwenye kona kuna mwarobaini mkubwa wenye kivuli kizuri, huo nimeuacha, nikachuma na majani nikaweka jikoni.

2 Oktoba 2022

Fensi imekwisha. Mita 120 za waya wa kimia wenye urefu wa mita moja kwenda juu, posti 48 za chuma, jumla dola 620 pamoja na usafiri. Kazi ngumu ilikua mashimo, manake chini ya udongo wa inchi sita unakuta mwamba wa chokaa, tulitumia tindo na nyundo siku nne na mashimo mengine hayakufika hata futi moja. Matawi ya zile mathenge nimeyapanga kwa nje kando ya fensi, niliona yatakua kizuizi cha ziada.

20 Novemba 2022

Mvua imekuja na ni nyingi, barabara ya kwenda Kralendijk imejaa maji sehemu mbili. Kibrahacha zilizoko mlimani zimetoa maua. Jina lenyewe maana yake ni kuvunja shoka. Mti unakaa miezi bila jani hata moja, unafikiri umekufa, halafu mvua ya kwanza nzito ikipiga, siku chache baadae yote kwa pamoja inakua ya manjano, mlima mzima, na baada ya siku mbili tatu maua yako chini. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kuangalia na sijutii.

Kuhusu mbegu, nitasema yale yaliyonisumbua tu. Watapana ina ganda gumu, niliotesha 30 bila kuzigusa zikatoka 2, nikasugua nyingine 30 kwa msasa upande mmoja mpaka rangi ya ndani ikaonekana kidogo, nikaziloweka usiku mmoja, zikatoka 23. Wayaká ni tofauti, tunda likipasuka ndani kuna mbegu nyeusi iliyofunikwa na nyama nyekundu, hio nyama lazima itolewe yote na mbegu ipandwe ikiwa mbichi. Mimi niliziweka kwenye bahasha wiki saba nikisubiri mvua, zikaota 4 kati ya 40. Kibrahacha ina mbegu nyembamba kama karatasi yenye mabawa, nayo haingoji, ukiokota leo panda leo. Kalbas ndo rahisi, unavunja kibuyu, unatoa mbegu kwenye utumbo wake, unaosha, unapanda, zinaota zote. Vifuko vya miche dola 35.

Miche mingine nimenunua na mingine nimepewa na majirani, kwa jumla nimepandikiza 64.

15 Januari 2023

Mbuzi wameingia. Walikua kumi na mmoja kwa hesabu ya mume wangu, wamekaa ndani usiku mzima, na asubuhi nimekuta vijiti.

Nimezunguka fensi nzima kutafuta walipopita na ni mahali tatu. Kwanza ni yale matawi ya mathenge niliyoyapanga kwa nje, yamekauka yakashikana yakawa ngazi, mbuzi wamepanda juu yake wakaruka mita moja bila shida. Pili, kwenye matawi hayo kulikua bado na maganda matamu ya njano, na mimi nimekua nikiona tangu mtoto jinsi mbuzi anavyofuata maganda ya mathenge hata kilomita mbili, kwa hivo niliwaita mwenyewe. Tatu, posti mbili zimelala, na manyoya yaliyobaki kwenye waya ni ya punda, wanajikuna hapo.

Kati ya miche 64 nimebaki na 9. Nimelia kidogo, halafu nikahesabu tena.

Mzee wa kunuku ya jirani amekuja kuangalia. Namwita Tio, kila mtu anamwita hivo. Hakusema kitu kuhusu mbuzi. Alienda moja kwa moja kwenye visiki vya mathenge, akainama, akaweka mkono juu ya kimoja, akaniuliza nani amekata. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza habari za Baringo, kwamba mti huu uliletwa kwetu miaka ya 80 kama msaada wa kuni na kuzuia jangwa, ukatushinda, mpaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus wa Baringo wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kama ushahidi dhidi ya serikali. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mi yu, kwenu uliletwa. Hapa hakuna aliyeuleta. Ndege wangu walikua wanalala hapo."

Mi yu ni mwanangu. Sikua na jibu na mpaka saa hii naandika bado sina.

12 Machi 2023

Matengenezo ya fensi. Nimeongeza waya mpaka mita moja na nusu, nimepanga mawe chini kuzunguka yote, nimeondoa kila kitu kinachoweza kukanyagwa umbali wa mita mbili kwa nje. Dola 410, na wikendi tano.

Kwa upande wa punda Tio aliniambia waya peke yake hautoshi, nipande yatu. Yatu ni kaktasi ndefu yenye miiba, na watu wa hapa wamekua wakiipanda mistari kuzunguka nyumba na mashamba tangu zamani, fimbo kando ya fimbo, inaota mizizi na kua ukuta ulio hai. Hakuna mbuzi anapita, punda anaikwepa, haihitaji rangi wala fundi. Kwetu tungeweza kufanya hivo kwa minyaa au mkonge na wengine wanafanya.

Nilikata fimbo 80 mwezi wa kwanza nikazichomeka siku ile ile nikamwagilia vizuri. Baada ya wiki tatu zimeoza kuanzia chini, ukiigusa inatoa maji yananuka, karibu 60 zimekufa. Kosa ni mawili, kidonda kilikua kibichi na maji yalikua mengi. Njia sahihi ni hii: kata, ziweke kivulini zikiwa zimeegeshwa wiki mbili au zaidi mpaka sehemu iliyokatwa iwe kavu na ngumu kama ngozi ya kiatu, ndo uchimbie, na usimwagilie kabisa mpaka uone zimeshika. Awamu ya pili nimechimbia 90, leo ni wiki ya nne, nimevuta moja moja kwa glavu na zilizo nyingi hazichomoki.

Kuna kaktasi nyingine, kadushi, inafanana nayo kwa mbali. Hio wanaipika supu. Wanatoa miiba na ganda, wanasaga nyama ya ndani, inavuta kama mlenda kabisa, ukila na funchi ambayo ni ugali wa mahindi hakuna tofauti na nyumbani. Mama mkwe alinipikia siku mbuzi walipoingia, akaniwekea na nyama ya mbuzi pembeni.

25 Juni 2023

Ukame. Ile miche 9 pamoja na mingine 12 niliyoongeza inaanza kuungua pembeni mwa majani, ncha zinakua za kahawia halafu jani zima linadondoka. Nilifikiri ni jua, nikaweka neti ya kivuli, haikusaidia. Nikafikiri maji hayatoshi nikaongeza, ikawa mbaya zaidi. Wiki ya tatu ndo nimeona ukungu mweupe juu ya udongo, nikaonja kwa ulimi, chumvi.

Maji nilikua nachota kwenye kisima cha zamani cha kunuku. Tio na wengine wananywesha mbuzi kwenye visima kama hivo na mbuzi hawalalamiki, kwa hivo sikufikiria. Lakini kila ukimwagilia maji yanakauka na chumvi inabaki, unaongeza juu ya iliyopo. Miche 7 imekufa. Maji ya bomba hapa yanatengenezwa kutoka baharini, ni safi lakini ni ghali na bomba halifiki kunuku.

Nilichofanya: nimeacha kisima kabisa, nimenunua maji ya gari mara tatu kwa dola 60 kila safari, nikamwaga mengi kwa mara moja kwenye kila shimo ili chumvi ishuke chini ya mizizi, halafu nikarudi kwenye kumwagilia mara moja kwa wiki jioni. Na nimefunga mfereji kwenye paa la stoo, dola 140, na tangi la lita 5,000 kwa dola 900. Hesabu yake ni rahisi na kila mtu aijue, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa langu ni mita za mraba 30, kwa hivo mvua ya milimita 10 ni lita 300, na mwaka wa kawaida ni zaidi ya lita 13,000 ukiacha zinazopotea. Miche 40 ikipata lita 5 kwa wiki ni lita 200. Inatosha. Kama ningeanza na tangi kabla ya fensi ningekua nimeokoa miezi sita.

17 Septemba 2023

Leo ni juu ya mwarobaini, na ndo kitu ambacho ningependa watu wakisome hata kama wataruka vingine vyote.

Nilikua nafagia chini ya ule mti wa kona nikaona miche midogo. Nikaanza kuhesabu. Ndani ya fensi yangu, penye ulinzi wote nilioujenga kwa pesa na mikono, kulikua na miche 140 ya mwarobaini. Mingine ilikua imeota katikati ya mashimo ya wayaká na inakimbia mara nne zaidi. Ndege wanakula tunda lake wanabeba mbegu, mbuzi hawapendi majani yake kwa sababu ni machungu, kwa hivo kila kitu kingine kikiliwa wenyewe unabaki. Nilipotoka nje ya kunuku na macho mapya nikauona kando ya barabara mpaka Rincon, kwenye korongo, nyuma ya makaburi.

Mwarobaini kwetu ni dawa. Bibi yangu alituchemshia, tulioga majani yake tulipopata tetekuwanga, jina lenyewe linasema magonjwa arobaini. Sikuwahi kujiuliza ulitoka wapi, na ulitoka upande wa India, kwetu pia ni mgeni. Hapa Bonaire ni mgeni anayefukuza wenyeji. Na mathenge ambayo niliichukia tangu nikiwa na miaka sita hapa ni mwenyeji. Nilikata mwenyeji tatu siku ya kwanza, nikamwacha mgeni nikamchumia majani. Sikutazama kisiwa, nilitazama Marigat.

Basi nimeukata. Kukodi msumeno wa mashine dola 75. Nimechuma majani ya mwisho nikayakausha, sitasema nimeacha kuyatumia. Kisiki kilichipua ndani ya siku kumi, nikakata machipukizi, yakarudi, nikakata tena. Kilichosaidia ni kuchimba kuzunguka kisiki mpaka mizizi ya juu ionekane, kuikata, halafu kufunika yote kwa plastiki nyeusi nzito na mawe juu. Miche midogo inang'oka kwa mkono baada ya mvua, ikizidi urefu wa goti mzizi unakua umeshaingia kwenye mwamba na utahangaika. Mgeni mwingine wa kuangalia ni lusina, ile tunayopanda kwetu kwa chakula cha ng'ombe, nayo imesambaa hapa kando za barabara.

10 Desemba 2023

Awamu ya pili ya kupanda, miche 40. Safari hii nimefanya vitu tofauti. Kuna kuihi mbili kubwa ambazo sikuzifikia siku ile, ziko karibu na mpaka ndani ya fensi. Nimepanda miche 15 chini ya kivuli chake na 25 mahali pa wazi, ili nilinganishe. Mahali pa wazi kila mche nimeuweka nyuma ya jiwe kubwa upande wa magharibi, manake upepo hapa unatoka mashariki karibu mwaka mzima bila kupumzika, ndo maana watapana za pwani zote zimelala kuelekea magharibi kama nywele zilizochanwa.

Adui mpya ni yuana, yaani iguana, mjusi mkubwa. Fensi haimzuii, anapanda yatu kama hana habari na miiba. Wiki ya kwanza wamekula majani ya shimaruku 5 na kalbas 3. Sina hasira nao, wako kwao, na wakubwa wanasaidia kusambaza mbegu za matunda wanayokula. Nimetengeneza mirija ya kimia chenye matundu madogo, urefu wa sentimita 60, nikafunga na juu pia. Bila kufunga juu anaingia kupitia juu na anakaa humo ndani akila. Kimia cha mirija 40 dola 180. Yule mjusi wa hapa ambaye dume lake lina kichwa cha buluu anapenya hata hivo na anakula maua yaliyoanguka, huyo nimemwachia.

5 Mei 2024

Miezi mitano, bila mvua ya maana tangu mwezi wa pili. Hesabu: chini ya kuihi miche 14 hai kati ya 15. Mahali pa wazi 17 hai kati ya 25, na hata iliyo hai ni mifupi. Wayaká chini ya kivuli zote zina majani. Udongo chini ya kuihi ukiushika asubuhi ni baridi, una majani yaliyooza, na mti wenyewe ni wa jamii ya maharage kwa hivo unarutubisha. Najua mfano wa miche 40 ni mdogo. Ila sitakata kuihi nyingine ndani ya kunuku hii. Hapo hapo niseme ukweli wake wote, hata hapa kuihi na miti ya miiba imekua mingi kupita kiasi mahali ambapo mbuzi wamekula kila kitu laini, mbuzi anasaga ganda anatoa mbegu kwenye kinyesi ikiwa tayari kuota. Ndani ya fensi nitapunguza machipukizi, siyo miti mikubwa.

Klein Bonaire, kile kisiwa kidogo kisicho na watu mbele ya Kralendijk, mbuzi waliondolewa miaka ya 80, na 1999 kikanunuliwa ili kisijengwe hoteli, nilienda kwa boti mwezi uliopita kuangalia miti iliyopandwa huko. Ni mifupi bado. Miaka yote hiyo na ni mifupi bado. Wayaká haina haraka, mbao yake ni nzito mpaka inazama majini na zamani walitengenezea beringi za shafti inayozungusha panga boi la meli, mti wa namna hio haukui kwa mwaka mmoja na anayepanda ajue anapandia wajukuu.

Jambo lililonifurahisha: yatu za fensi zilizokua na machipukizi marefu zimetoa maua machache. Yanafunguka usiku tu. Nilikaa na mume wangu kwenye viti mpaka saa nne, bila taa, na popo wakaja. Wanakuja haraka sana, kichwa kinaingia kwenye ua, sekunde moja, ameenda, na uso wake umejaa unga wa njano. Kuna aina mbili hapa zinazokunywa nekta na moja kati yake inavuka bahari kwenda na kurudi Venezuela. Kaktasi kubwa za hapa zinawategemea kupata matunda, na kiangazi kikali matunda hayo ndo chakula cha ndege wengi, trupial, chuchubi, na kasuku wa hapa, prikichi na lora. Kwa hivo mtu anayeziba pango wanamolala popo au kuchoma moto humo ananyima kasuku chakula bila kujua.

24 Novemba 2024

Shimaruku mbili zimezaa. Ni tunda dogo jekundu, chachu, lina vitamini C nyingi sana, watoto wa Rincon wanalila njiani. Nilikua nasubiri niyachume leo Jumapili.

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia kelele kabla sijafungua geti. Lora wawili. Ni kasuku wa kijani mwenye uso wa njano na mabega ya njano, wanataga kwenye matundu ya miti mizee na kwenye majabali, na kwa miaka mingi watu wameiba makinda wakawafuga majumbani, wengine wakikata mti mzima kufikia tundu. Sheria inamlinda, na kila Januari watu wa kujitolea wanaenda alfajiri kwenye sehemu wanapolala kuwahesabu. Mmoja alikua juu ya shimaruku anachuma kwa mguu, anauma mara moja, anatupa, anachukua lingine. Wa pili alikua juu ya kuihi anaangalia. Nilisimama nje ya geti dakika kama ishirini, mpaka wakaondoka wenyewe. Hawakuacha tunda hata moja zima.

Nilimpigia Tio. Alikuja na fimbo yake, akaokota maganda yaliyoumwa chini, akayaweka mfukoni mwa shati.

Gharama mpaka leo: fensi ya kwanza 620, nyongeza 410, vifuko 35, mfereji 140, tangi 900, maji ya gari 180, msumeno 75, mirija 180. Jumla dola 2,540, kazi yetu wenyewe na miche niliyonunua sijahesabu. Ukianza upya na kujua ninachojua sasa, ile fensi ya mita moja usinunue, nunua ya mita moja na nusu mara moja, tangi mwanzo, yatu au mnyaa kuzunguka mapema, na miche michache kila msimu badala ya 64 kwa pupa.

Miche hai leo ni 28 kati ya ile 40, pamoja na 8 ya zamani. Msimu huu naongeza 20, yote chini ya kivuli.

Vile visiki vitatu vya kuihi, viwili vimechipua. Nimechagua chipukizi moja nene kwenye kila kimoja, nikakata mengine, nikavifunga mirija ya kimia kama wayaká. Cha tatu kimekufa. Hapo pembeni upande wa magharibi nimeweka kibrahacha moja, mbegu Tio aliokota mwenyewe mlimani siku maua yalipogeuka maganda, akaniletea siku hio hio.